Kifaa cha Kuelekeza Njia: Kisikilize, Usikikodolee Macho

JE, msomaji, umewahi kutazama ramani kwenye kifaa cha GPS ndani ya gari, kisha ukainua macho na kupata mkokoteni uko mbele yako hatua chache tu? Ikiwa hujawahi, shukuru. Ikiwa umewahi, soma makala haya kwa makini.

Vifaa hivi sasa ni vya kawaida mijini, viwe vile vinavyouzwa peke yake au vilivyomo ndani ya simu. Hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi angani, na huhitaji angalau setilaiti nne ili kujua barabara uliyomo.

Hata hivyo, faida hiyo inaweza kugeuka kuwa hatari kwa maisha yako na ya wengine. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husonga karibu mita 17 kila sekunde. Ukikodolea ramani macho kwa sekunde tatu, utakuwa umeendesha mita 50 kama kipofu. Muda huo unamtosha mtoto wa shule kutoka kando hadi katikati ya barabara. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema dereva anayetumia simu akiendesha amo katika hatari ya ajali mara nne hivi zaidi ya asiyeitumia.

Kwa hivyo, unapokwenda dukani, tumia masikio kwanza. Mwambie muuzaji akiwashe usikie kama sauti ni wazi, na kama hukuonya mapema kabla ya kufika kwenye kona. Maandishi yawe makubwa. Ikiwa huvaa miwani, kijaribu ukiwa umeivaa. Aidha, uliza kama ramani ya Kenya imo na kama waweza kupata mpya. Ramani ya zamani huenda isiijue Nairobi Expressway, iliyofunguliwa kwa magari Mei 2022. Hata ramani mpya huweza kuchanganyikiwa pale, isijue kama uko juu ya barabara hiyo au kwenye ile ya chini.

Pili, chagua mahali pa kukiweka. Kifunge chini, pembeni mwa kioo cha mbele, pasipokuzuia kuona wanaovuka. Usikibandike mbele ya mfuko wa hewa, kwani ukifumuka wakati wa ajali utakirusha usoni mwako. Usikiweke mapajani wala kukishika mkononi. Ukiegesha gari juani, kiondoe, kwa sababu joto huharibu betri na wezi nao wana macho.

Tatu, andika unakokwenda kabla ya kung'oa gari. Ukitaka kubadilisha, simama kando ya barabara mahali salama au mwombe abiria akusaidie. Ukipita kona uliyoambiwa, usifunge breki ghafla wala kurudi nyuma. Endelea tu, kifaa kitakutafutia njia nyingine.

Kumbuka pia kwamba kifaa hiki hakioni. Hakimwoni mwendesha bodaboda aliye ubavuni mwako, wala tuta lisilopakwa rangi, wala maji yaliyofunika daraja usiku wa mvua. Kikikuambia upite na macho yako yakikataa, yatii macho.

Kuna jambo moja jema ambalo madereva wengi hulisahau. Vifaa vingi huonyesha tarakimu za latitudo na longitudo za mahali ulipo. Jifunze leo zinapopatikana. Ajali ikitokea usiku mahali usipopajua, utapiga 999 au 112 na kusoma tarakimu hizo, badala ya kusema uko "karibu na mti mkubwa" huku majeruhi akivuja damu.

Wahenga walisema, kawia ufike. Safari njema.