NYOTA, KAMERA NA KIBLA



Ndugu wasomaji, likizo iliyopita tulitoka Buhemba na wanafunzi kwenda kupumzika ufukweni mwa Ziwa Victoria, Musoma. Ilipofika Isha, simu mbili zilituonyesha kibla mbili. Tukaifuata ya mwalimu, tukasali, lakini nyoyo hazikutulia. Ndipo tukaikumbuka Suratul An'aam, aya ya 97, inayoeleza kuwa nyota zimewekwa ziwaongoze watu katika giza la bara na bahari. Usiku ule ule tukazipiga picha.

Namna ya kupiga ni hii:

Kwanza, chagua usiku usio na mbalamwezi. Usiku kama huo ndio pia wa wavuvi wa dagaa, basi geuza kamera taa zao zisiingie pichani.

Pili, usiishike kamera mkononi. Iweke kwenye stendi ya miguu mitatu au juu ya jiwe, na uzime flashi.

Tatu, iache ipokee mwanga kwa sekunde 15, nyota zitoke kama nukta. Ukitaka kuona mwendo wake, piga mfululizo kwa saa moja, kisha uziunganishe picha hizo.

Mistari itakayoonekana inatokana na kuzunguka kwa dunia, digrii 15 kila saa. Kwa kuwa Mara iko karibu na ikweta, nyota za mashariki hupanda karibu wima. Za kaskazini hupita katika nusu duara, na kitovu chake kipo kwenye upeo wa macho. Hapo ndipo kaskazini halisi. Geuka kutoka hapo digrii kama 14 kuelekea mashariki, nawe umeelekea Makka.

Picha yetu ilionyesha kuwa simu tuliyoikataa, ya mwanafunzi, ndiyo iliyokuwa karibu na usahihi. Ile ya mwalimu ilikuwa imelazwa juu ya boneti ya gari, na chuma huipotosha dira.

Asiye na kamera asihuzunike. Kila mwaka, tarehe 28 Mei karibu saa 6:18 mchana, na 16 Julai karibu saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Simika fimbo wima, simama kwenye ncha ya kivuli na uitazame fimbo: umeelekea kibla.

Wanafunzi wetu, thibitisheni kabla ya kubishana. Na sisi walimu tusione haya kusahihishwa na tunaowafundisha.

Wabillahi tawfiiq.