Lisaka: ahadi, sumu na pesa ya simu Isangi

Katika Kilokele, lugha ya wavuvi na wachuuzi wa mtoni kati ya Kisangani na Isangi, kuna neno lisaka. Ukilitamka kwa toni ya chini katika silabi zote tatu, maana yake ni dimbwi la maji. Ukiipandisha silabi ya mwisho, ni ahadi. Ukizipandisha mbili za mwisho, ni sumu. Mfano huu tulipewa darasani katika somo la toni. Umetoka katika kazi ya John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu na kuchapisha kitabu juu ya ngoma zinazosema mwaka 1949. Ninaurudia hapa kwa sababu unanisaidia kueleza jambo lililoipata familia yangu, na ambalo naamini linakihusu kitivo chetu kuliko tunavyodhani.

Isangi iko mahali Lomami inapoingia katika mto Kongo, kiasi cha kilomita 125 chini ya Kisangani. Mama yangu mdogo analima mpunga huko na kununua samaki wa kukaushwa kwa wavuvi. Kwa miaka mingi biashara yake ilikuwa na mwendo mmoja: anapakia magunia katika balenieri, ile boti kubwa ya mbao yenye mota, anapanda juu ya mzigo wake mwenyewe, anauza Kisangani, kisha anarudi na franga zimefungwa katika pindo la kikwembe. Hatari zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mto wenyewe. Boti hizi hujazwa kupita kiasi, nyingine husafiri usiku bila taa, na abiria wengi hawana vizibao vya kuogelea. Kila mwaka tunasikia habari za kuzama. Mnamo Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti iliwaka moto na watu wengi sana wakafa. Hatari ya pili ni pesa taslimu, maana kila mtu bandarini anajua kwamba mama anayerudi bila magunia anarudi na franga.

Pesa ya simu ilikuja kama jibu la hatari hizo mbili. Kenya ilianza na M-Pesa mwaka 2007, na huduma hiyo ikaingia Kongo mwaka 2012. Kampuni nyingine za simu nazo zina huduma zao. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Ajenti ana mifuko miwili: mmoja wa noti, mwingine wa pesa iliyo ndani ya simu. Unapoweka, unampa noti, naye anahamisha kiasi hicho kutoka simu yake kwenda yako. Unapotoa, kinyume chake. Noti zenyewe hazisafiri. Kinachosafiri ni hesabu tu, na hesabu hiyo inalindwa na namba ya siri ambayo mwenye simu peke yake anapaswa kuijua. Kwa hiyo mnunuzi wa Kisangani aliweza kumlipa mama mdogo naye akiwa nyumbani, mzigo ukisafiri na kijana wa jirani. Kwa karibu miaka miwili hakupanda boti isipokuwa kwa matanga. Hiyo ndiyo ahadi, na ilitimia.

Hata hivyo, mto haukuondoka katika hesabu. Ajenti wa Isangi akiishiwa noti, ni lazima zije noti nyingine, nazo huja kwa boti ile ile au kwa pikipiki kupitia barabara mbovu. Siku kama hizo pesa yako unaiona katika simu lakini huwezi kununulia chumvi. Wengine huomba nyongeza kidogo juu ya ada ili wakupe noti chache walizobakiza. Na rezo ikikatika, hata kuiona huwezi.

Sasa nieleze sumu. Jioni moja mama mdogo alipata ujumbe kwa Kifaransa. Hasomi Kifaransa, anasema Kilokele, Lingala vizuri sana, na Kiswahili cha sokoni. Kabla hajapata mtoto wa kumsomea, simu ikalia. Mwanamume mwenye adabu, akisema Lingala safi, alimwita mama na kueleza kwamba amekosea namba, ametuma franga 120,000 kwake badala ya kwa mgonjwa aliyelazwa, na kwamba ujumbe aliopata ndio uthibitisho. Alimwomba arudishe, mgonjwa asife. Mama mdogo aliogopa kula pesa ya mgonjwa. Akarudisha. Mjukuu wake aliporudi kuchota maji akausoma ujumbe: ulifanana kabisa na ujumbe wa kampuni, ila ulitoka katika namba ya kawaida ya mtu. Hakuna franga iliyokuwa imeingia. Alizorudisha zilikuwa zake, za magunia ya mpunga.

Nilipompigia, hakulia wala kulalamika. Aliniambia tu, “Mtoto wangu, mimi narudi kwenye boti. Maji nayajua.” Wiki iliyofuata akasafiri usiku na mzigo wake.

Jibu hilo lilinisumbua kuliko ule wizi wenyewe. Mwizi alichukua franga 120,000, lakini hofu ilimrudisha mtoni. Nikajiuliza alidanganywa na nini hasa. Simu haikuharibika, namba ya siri haikuibwa, na mfumo wa kampuni haukuvunjwa. Kilichofanya kazi ni lugha. Uthibitisho ulikuja kwa lugha asiyoisoma, na uongo ukaja kwa lugha anayoiamini. Mtu akiwekwa kati ya viwili hivyo, ataifuata sauti inayosema naye.

Hata jina la huduma linaweza kutufundisha. Katika Kiswahili pesa ni fedha, neno lililotufikia kutoka paisa ya Kihindi. Katika Lingala, kopesa ni kutoa, na pesa ni amri: toa! Kisangani lugha hizi mbili zimekaa pamoja tangu siku za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na za askari na mabaharia walioleta Lingala kutoka magharibi. Msemaji wa Kiswahili anasikia katika M-Pesa jina la kitu chake. Msemaji wa Lingala anaweza kusikia mtu anayemwambia atoe. Tunacheka, lakini yule mwanamume kwenye simu aliitumia maana ya pili.

Haya si ya wezi peke yao. Mwaka 2020 serikali ilianzisha malipo ya kusajili simu, yaliyojulikana kwa herufi tatu, RAM. Inite zilikatwa moja kwa moja kutoka kwa watumiaji, na kwa watu wengi vijijini ilikuwa ni salio linaloyeyuka bila maelezo ya kueleweka. Baada ya malalamiko mengi yalifutwa mwaka 2022. Kodi yoyote inaweza kujadiliwa, lakini asiyeelewa anachokatwa hawezi hata kuanza kuijadili.

Hapa ndipo ninaporudi kwa Carrington na kwa wazee wa Kilokele. Ngoma ya gogo ina toni mbili tu, ya juu na ya chini. Haina konsonanti wala irabu. Kwa hiyo neno fupi likipigwa peke yake laweza kuwa maneno mengi. Wapigaji walilijua tatizo hilo na wakalitatua: badala ya neno moja walipiga kifungu kizima kinachojulikana na wote. Mwezi haukuwa mwezi tu, ulikuwa mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Carrington alikadiria kwamba ngoma ilihitaji kama maneno manane kwa kila neno moja la kawaida. Na mtu hakuitwa kwa jina fupi. Jina lake la ngoma lilimtambulisha kwa urefu, pamoja na watu wake, ujumbe usije ukamfikia mwingine.

Katika maneno ya isimu, huo urefu ni ziada inayozuia makosa. Katika maneno ya mama mdogo, ni kutokuwa na haraka. Mwizi wa simu anataka kinyume chake: ujumbe mfupi, jambo la haraka, mgonjwa anakufa. Teknolojia ya zamani ya mto huu ilijengwa na watu waliojua kwamba ahadi na sumu zinaweza kuwa na herufi zile zile, nao wakaweka kinga ndani ya lugha yenyewe. Teknolojia mpya imekuja na kinga ya namba nne, na maelezo yake kwa Kifaransa.

Likizo iliyopita nilikaa naye jioni tatu. Tuliandika katika daftari la mjukuu hatua zote za menyu ya simu yake, upande mmoja Kifaransa kama kilivyo, upande wa pili Lingala, na pale alipotaka, Kiswahili. Kisha tukaweka kanuni tatu kwa maneno yake mwenyewe. Ujumbe si pesa. Salio ndilo pesa, basi angalia salio kwanza. Aliyekosea aende kwa kampuni yake, si kwangu. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote, hata mwenye sauti ya mchungaji. Neno gumu kuliko yote lilikuwa salio. Tulijaribu matatu, akayakataa yote, akachagua kusema “kile kilichobaki ndani.” Ni kirefu, lakini kinaeleweka.

Ninaandika haya kwa sababu Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi kutoka karibu kila kijiji cha mto, na kitivo chetu kinafundisha kutafsiri. Tunatafsiri hotuba na hadithi, na hiyo ni kazi njema. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kutafsiri menyu ya simu, risiti ya ajenti, au tangazo la bandarini linalosema boti ichukue abiria wangapi? Kazi ya mwisho ya mwaka ingeweza kuwa hiyo: kuandika, kwenda nayo kijijini, kuwasomea wazee, kuona wanapokwama, na kuandika tena. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji sikio.

Mama mdogo bado hajarudi kikamilifu kwenye pesa ya simu. Mavuno yaliyopita alilipwa nusu kwa simu, nusu alikwenda kuifuata mwenyewe. Ila safari hii alisubiri boti ya mchana.