Kiondo cha katani na gharama ya kukisuka

KIONDO ni miongoni mwa bidhaa za Kenya zinazotambulika mbali, lakini si kila kiondo kinachouzwa leo kimetokana na mimea. Nyuzi za nailoni na akriliki zimeingia katika ususi huu, na athari zake humfikia msusi pamoja na mazingira.

Kabla ya mkonge kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1893, wanawake wa Kikamba na Kikuyu walisuka viondo kwa nyuzi za magome ya vichaka na, hasa Ukambani, ya mbuyu. Mbuyu haukukatwa, kwani gome lake humea tena lisipobanduliwa kwa pupa.

Siku hizi mkonge ndio tegemeo katika sehemu za Machakos, Makueni na Kitui, kwa vile hustahimili ukame na hufaa kuwa ua wa shamba. Jani hukatwa, likapasuliwa na kukwaruzwa hadi nyama yake iishe. Katani inayobaki huwa takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Huoshwa, huanikwa juani, kisha msusi huisokota juu ya paja hadi apate uzi.

Rangi nazo hupatikana kwa kuchemsha mizizi na magome. Magome yenye tanini, mathalani ya migunga, hutoa rangi ya kahawia. Uzi huo ukizikwa katika tope lenye madini ya chuma, hugeuka mweusi.

Nailoni, kwa upande wake, hununuliwa ikiwa imekwisha kusokotwa na kutiwa rangi, hivyo kiondo hukamilika upesi. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa vyote viwili humpunja msokota katani. Aidha, kiondo cha katani kikichakaa huoza na kuwa mbolea, ilhali cha nailoni hudumu udongoni kwa miaka mingi, sawa na mifuko ya plastiki ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017.

Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kuomba kipande cha uzi na kukichoma. Katani huungua kama karatasi na kuacha jivu. Nailoni huyeyuka, kisha huganda kama shanga ngumu.

Akishabaini ni katani, mnunuzi hana budi kulipia pia saa za kusokota. La sivyo, mabinti hawatakuwa na sababu ya kujifunza kazi hiyo kutoka kwa mama zao.