Kipa, kidonda hicho usikichukulie poa

KIANGAZI kikikolea Ujiji, viwanja vya mtaani vinakuwa vigumu kama sementi. Kipa akiruka kufuata kona, anainuka goti limechunika na kiwiko kinavuja damu. Anamwagiwa maji, mechi inaendelea. Siku mbili baadaye kidonda kimevimba, kinatoa usaha, na vidonge alivyonunua dukani havifui dafu.

Huenda mpinzani wake ni MRSA, bakteria wa ngozi aliyeshazoea dawa nyingi za jamii ya penisilini.

Usidhani ni shida ya viwanja vya vumbi tu. Mwaka 2003 iliwakuta St. Louis Rams, timu ya ligi kubwa ya futiboli Marekani. Wachezaji 5 kati ya 58 walipata majipu 8, yote pale walipochubuliwa na nyasi bandia. Ilibainika kuwa taulo moja ilikuwa ikipita kwa wachezaji kadhaa.

Sasa wanasayansi wanajaribu silaha nyingine: mwanga. Kidonda kinapakwa dawa ya rangi, mfano methilini bluu, kisha kinamulikwa kwa taa nyekundu. Rangi ile ikipata mwanga, inaifanya oksijeni kuwa kali na kuharibu bakteria sehemu nyingi kwa mpigo.

Antibayotiki nyingi hulenga sehemu moja, kama beki anayekaba upande mmoja tu. Straika akibadili mguu, kapita. Kwenye mwanga bakteria anabanwa kila upande, hivyo ni vigumu kujenga usugu.

Mwanga kutibu ngozi si jambo geni. Niels Finsen wa Denmark alipata tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Lakini tusidanganyane. Mwanga hauzami mbali, hivyo maambukizi yakifika kwenye mfupa au damu, hausaidii. Kwa vidonda sugu, bado kazi kubwa ni ya utafiti. Na kuanika goti juani ufukweni mwa Tanganyika siyo tiba hii.

Kwa kipa wetu, ulinzi ni uleule: maji safi na sabuni mara baada ya mechi, kidonda kifunikwe, taulo na wembe kila mtu na chake. Kikivimba au homa ikipanda, nenda hospitali usaha upimwe, na dozi uimalize. Kukosa mechi moja si hasara. Mguu ndio mtaji.