Kiungo cha Bomba la Moshi Si cha Kudharau

Wengi tunakuja Sydney tukidhani Australia ni joto mwaka mzima. Ngoja Julai ifike! Nyumba nyingi tunazopanga ni za zamani, baridi inapenya kila upande, na baadhi zina jiko la kuni sebuleni. Sisi tulipolikuta letu tulishangilia. Wiki ya pili tukaanza kuamka vichwa vinauma, na bomba la moshi lina michirizi ya kahawia.

Fundi alipofika alishika kiungo cha pili tu, kikacheza. Alichotueleza ndicho hiki.

Ukiezeka mabati, la juu hulalia la chini kwa sababu mvua iko nje. Kwenye bomba mambo ni kinyume. Moshi ukipoa hutoa unyevu na uchafu mweusi kama lami, nao huteremka kwa ndani. Kwa hiyo kwenye bomba la ukuta mmoja, kipande cha juu huingia ndani ya kile cha chini. Letu lilifungwa kinyume, ndiyo maana uchafu ukatokea nje.

Halafu kukaza. Kila kiungo kinataka ribiti au skrubu tatu zilizogawanywa sawasawa kulizunguka bomba, za chuma kisichoshika kutu. Alumini haifai: huyeyuka kwenye nyuzi 660, na masizi yakishika moto ndani, joto linaweza kupita hapo. Letu lilibakiwa na ribiti moja!

Bomba la kuta mbili, lenye kizuia joto katikati, lina utaratibu wake. Unafuata mshale wa kiwandani na maelekezo yake; mengi huzungushwa hadi yashikane, kisha mkanda wa chuma hukazwa juu ya kiungo. Skrubu isifike ukuta wa ndani. Ule hutanuka kwa joto kuliko wa nje, na tundu lolote huvujisha moshi.

Sasa, mbona vichwa viliuma asubuhi? Moto ukiwaka vizuri, bomba huvuta moshi juu. Usiku makaa yakififia, mvuto hupungua, na kaboni monoksidi hutokea penye kiungo kilicholegea. Haina rangi wala harufu. Ni ile ile ya jiko la mkaa chumbani, inayoua watu usingizini huko kwetu. Kengele ya moshi haiitambui. Nunua ya gesi hiyo.

Jamani, usijitie ufundi. Mwandikie mwenye nyumba au wakala wake. Sheria ya upangaji ya New South Wales ya mwaka 2010 inahesabu kasoro inayoifanya nyumba kuwa hatari kuwa ni matengenezo ya dharura. Na vichwa vikiuma nyumba nzima, tokeni wote nje, pigeni 000.

Tukutane toleo lijalo, wote wazima.