Je, Wajua? Gazeti la Vita Chini ya Sanduku

Je, wajua kwamba gazeti la Marekani la mwaka 1812 linaweza kuwa jeupe kuliko gazeti la Uhuru la 1978? Karatasi ya enzi zile ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Ya magazeti ya siku hizi hutokana na mbao zilizosagwa, na mti una lignini: ikipigwa na mwanga na hewa, ukurasa unageuka rangi ya chai, kisha unamong'onyoka kama biskuti.

Hapa kwetu Manyamanyama, jua ni adui wa tatu wa gazeti. Wa kwanza ni mchwa, wa pili muuza karanga.

Juzi nilionyeshwa sanduku la bati ambalo bibi mmoja amelitandika gazeti ili kutu isishike vitenge. Nusu ukurasa, tarehe imeliwa, jina UHURU bado linasomeka, na askari pichani amebaki kofia na bega. "Bibi, niuzie." Akanitazama. "Nikuuzie sakafu ya sanduku langu, mjukuu wangu?" Nikaruhusiwa kusoma tu, nimepiga magoti.

Je, wajua kwamba Uhuru lilikuwa gazeti la chama cha TANU tangu 1961, likarithiwa na CCM mwaka 1977? Kwa hiyo majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, gazeti hilo lilikuwa na upande wake, wala halikuuficha. Kampala nako kulikuwa na Voice of Uganda, lililochukua nafasi ya Uganda Argus. Redio ya Uganda ilijigamba kwamba eneo lote limetekwa kwa dakika 25! Mkusanyaji mwenye magazeti ya upande mmoja tu amesikia nusu ya ugomvi.

Je, wajua kwamba Amin alitaka vita imalizwe ulingoni, yeye na Mwalimu Nyerere wazipige, Muhammad Ali awe refa? Mtoto wa Butiama hakuitikia. Kampala ilianguka Aprili 1979.

Na je, wajua kwamba Machi mwaka huohuo ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza iliangusha mabomu kisiwani Saanane, wakafa swala?

Je, wajua kwamba wachapaji wamewahi kuadhibiwa herufi kwa herufi? Agosti 1814, wakiwa vitani na Marekani, Waingereza waliingia Washington. Admirali Cockburn alikuwa amechoka kusemwa na National Intelligencer, gazeti lililomuunga mkono Rais Madison. Akaamuru herufi zote za C za risasi ziharibiwe, wasipate tena ya kuandikia jina lake. Mimi hiyo naihesabu kuwa sifa kubwa kuliko tuzo yoyote ya uandishi.

Kwetu silaha ilikuwa mahakama. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowagusa mabwana DC wawili wa kikoloni, mmoja wa Songea na mwingine wa Musoma. Hukumu: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa. Mwenye nakala ya toleo lile asiitandike sandukuni!

Je, wajua kwamba Kiongozi, gazeti la Kiswahili la serikali ya Wajerumani kule Tanga, lilikufa 1916 katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia? Na kwamba katika Vita vya Pili askari wetu wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Heshima?

Ukilipata mojawapo, usiligandishe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi kwenye wino. Usilikunje pia. Lilaze bapa ndani ya bahasha kubwa, mbali na sakafu na dirisha.

Bibi ameniahidi kwamba sanduku likitoboka, ukurasa ni wangu. Nimeligonga chini kwa kidole: bati la zamani, nene kama sufuria ya shule.