Pesa zikipungua daftarini, iulize 9 kwanza

NAMAKWEKWE, MBALE – Shilingi ya Uganda humlazimu mfanyabiashara kuandika namba ndefu. Noti kubwa kabisa ni ya 50,000, hivyo mzigo mmoja wa maharage unaovuka Malaba au Lwakhakha hufika tarakimu saba kwa urahisi. Penye tarakimu nyingi kalamu huteleza, na anayeshukiwa kwanza ni kijana wa dukani.

Kabla ya kumfukuza mtu kazi, kuna kipimo kisichohitaji hata kikokotoo.

Tuseme muuzaji wa Namakwekwe anakuta daftari linasema sh1,836,000 ilhali mkononi ana sh1,386,000. Pungufu ni sh450,000. Jumlisha tarakimu za pungufu hilo: 4 na 5 ni 9. Namba ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9, yenyewe pia inagawanyika kwa 9. Hiyo ni dalili kwamba huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hapa ni 3 na 8.

Sababu yake ni nyepesi. Tarakimu ikisogea nafasi moja kwenda kushoto, thamani yake huwa mara 10, yaani imeongezeka kwa mara 9. Nane ya elfu themanini ikiandikwa kwenye laki, huzidi kwa sh720,000. Tatu iliyoshuka hupunguza sh270,000. Zote mbili hugawanyika kwa 9, na tofauti yake ni ile sh450,000.

Sifuri ya ziada nayo hunaswa. Sh180,000 ikiandikwa 1,800,000, tofauti ni sh1,620,000. Igawe kwa 9 utapata sh180,000, kiasi halisi kilichokosewa.

Ujuzi wa kukagua hesabu kwa 9 ni wa kale. Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1202. Alijifunza tarakimu hizi tunazotumia akiwa kijana huko Bugia, bandari ya Algeria ya leo, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa.

Kwa wanaovuka mpaka, tahadhari ni moja: pima shilingi za Kenya peke yake na za Uganda peke yake. Ukishabadilisha fedha na kukadiria senti, alama ya 9 inaweza kupotea.

Tofauti isipogawanyika kwa 9, tafuta kwingine. Igawe kwa 2: sh120,000 huenda ni nauli ya sh60,000 iliyoandikwa kama mapato badala ya matumizi. Au kuna risiti haikuingizwa.

Kumbuka pia kwamba katika kila namba tisa zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 9. Mwizi naye anaweza kuchukua sh450,000. Kwa hiyo 9 haimwachilii mtu wala kumhukumu. Inakuonyesha ukurasa wa kufungua kwanza. Linganisha daftari na risiti, kisha ndipo umwite kijana.